Ombi la Kurudi Nyuma

Mama nisiyemjua aliingia ofisini bila hodi, nilipokuwa nikiandika sera mpya ya jeshi baada ya vita tulivyoshindwa.

"Mwanangu alikuwa mtu wa redio mstari wa mbele," alisema. "Wenzake waliorudi wanasema aliomba ruhusa warudi nyuma. Mbona hamkumjibu?"

"Mama, mitambo iliharibika." Ndivyo ripoti ilivyosema.

"Usinifanye mtoto, kijana. Redio ile aliitunza kuliko viatu vyake."

Nikainamisha kichwa. Ombi lile nililipokea mimi, hapa makao makuu. Kanuni ilitaka sahihi ya jenerali, naye alikuwa kikaoni. Niliogopa kugonga mlango, nikasubiri saa nzima.

Nikamwambia yote. Hakulia.

"Basi liandike hilo, watoto wa wenzangu wasife wakisubiri mlango."

"Nitaandika, mama."

Jioni mkuu wangu aliisoma rasimu. Kwamba kiongozi wa kikosi aamue mwenyewe kurudi nyuma, alikubali. Alipofika kwenye sababu, akaona jina langu.

"Futa hapa. Unajichimbia kaburi, na kazi ndiyo kwanza umeianza."

"Naomba ibaki, afande."

"Basi kesho usije."

Nikaitia rasimu sahihi, nikamkabidhi kitambulisho changu.