Kipande Namba Nne

Mdogo wangu ana koti jeupe la kazini, na anayelifua ni mimi. Yeye ni mpimaji wa maabara hospitalini, mimi ni dobi, na nyumba zetu zimetenganishwa na ukuta mmoja. Kila Jumamosi ananiletea koti lake kwapani, nalifua, nalipiga pasi mpaka kola inasimama yenyewe, halafu analivaa na watu wanamwita daktari. Mimi wananiita Mama Povu.

Hayo nilishayazoea. Nisichokizoea ni binti yangu. Tangu aingie kidato cha tatu, kila jambo ni mama mdogo. Mama mdogo kasema hivi, mama mdogo ana kitabu cha vile. Akitoka shule ananipa shikamoo mlangoni, begi halijashuka hata begani, anapitiliza upande wa pili, na vicheko vyao navisikia ukutani huku nasugua mashuka ya watu. Uchungu wa kumzaa niliupata mimi, lakini akipata alama nzuri anakimbilia kule kuzionyesha. Nilikuwa na wivu, tena mwingi, na sioni haya kusema.

Maonyesho ya sayansi ya shule yalipotangazwa nikajua yatakuwa mambo ya vijidudu na darubini, yaani mambo ya mdogo wangu. Kumbe binti alikuja na mengine.

"Mama, mimi nafanya madoa."

"Madoa gani tena?"

"Ya chai. Natia vitambaa madoa, navifua kwa njia tano, naangalia ipi inatoa vizuri zaidi. Nipe ya kwako, Mama. Niambie hatua kwa hatua."

Nikajiona mtu. Nikamwambia aloweke kitambaa kwanza kwenye maji ya baridi, asikimbilie ya moto. Asugue na sabuni ya mche, asisuuze, akitandaze juani na povu lake, na kikikauka akirushie maji, mara tatu. Aliandika yote, mwandiko umenyooka. Halafu akageuza ukurasa, nikaona njia inayofuata imeandikwa juu kabisa: Mama Mdogo. Chini yake kulikuwa na ile dawa ya kuoshea vidonda, inayotoa povu, matone kumi.

"Kumbe na yeye yumo?"

"Yumo. Na sabuni ya unga, na maji ya ndimu, na maji matupu."

Tangu hapo sikutulia. Nimefua miaka ishirini mpaka alama za vidole zimefutika. Leo nishindwe na kichupa cha dawa, mbele ya wazazi wote, na aliyenipeleka kushindanishwa awe mwanangu wa kumzaa? Niliona kabisa kwamba nikishindwa hapo, hata ile shikamoo ya mlangoni atakuwa ananipa kwa kunihurumia.

Siku mbili kabla ya maonyesho aliniletea vipande vitano vya kitambaa cheupe, kila kimoja kimeshonewa namba pembeni kwa uzi mweusi.

"Nipigie pasi, Mama, nivibandike kwenye karatasi ya manila. Kila njia nimeirudia mara tatu, vingine viko kwa mwalimu."

"Cha njia yangu kipi?"

"Hata mimi sijui. Mwalimu alivichanganya ndipo akavitia namba, na orodha ameifungia kwenye bahasha. Itafunguliwa siku yenyewe. Nisije nikapendelea mtu."

"Ungempendelea nani?"

Alicheka tu, akaenda zake upande wa pili.

Nikavitandaza mezani. Cha kwanza na cha tano vilikuwa hovyo. Cha tatu afadhali. Mashindano yalikuwa kati ya namba mbili na namba nne: namba mbili ilibaki na kivuli cha njano katikati, namba nne ilikuwa nyeupe kabisa. Nikakishika kile cha nne. Kilikuwa laini, kikanikaa mkononi kama kitu ninachokijua, na hapo ndipo nilipozidi kukasirika. Mpaka ulaini wa kazi yangu kaniibia, nikasema moyoni. Maana sikuwa na shaka hata chembe kwamba kile kizuri ni cha mdogo wangu. Shule alimaliza yeye, koti jeupe akapata yeye, na sasa alikuwa anamalizia kwa mtoto.

Kikombe changu cha chai kilikuwa pale pale. Nikachovya kidole, nikakigusisha katikati ya namba nne, tone moja, halafu la pili. Kisha nikaweka pasi ya moto juu yake. Dobi yeyote anajua kwamba doa la chai likipigwa pasi halitoki tena. Na mimi nilijua, ndiyo sababu nikaiweka. Jioni binti alivibandika vyote kwenye manila bila kuniuliza kitu.

Siku ya maonyesho ukumbi wa shule ulijaa. Meza ya kushoto kulikuwa na taa inayowashwa kwa viazi, ya kulia mtungi wa kuchujia maji kwa mchanga na mkaa, na katikati binti yangu na manila yake. Mdogo wangu alitoka zamu moja kwa moja, akaketi ubavuni mwangu na lile koti.

Mwalimu alimkabidhi binti bahasha. Akaichana, akasoma kwa sauti. "Namba moja, maji matupu. Namba mbili, Mama Mdogo. Namba tatu, sabuni ya unga. Namba nne, Mama. Namba tano, maji ya ndimu."

Nikakitazama kidole nilichochovya kwenye chai.

Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani, aliinama kwenye manila. "Kila njia umeirudia mara tatu. Vile viwili vya Mama alivyobaki navyo mwalimu vimeshinda vyote kwa weupe. Lakini hiki kilichobandikwa hapa kina doa. Imekuwaje?"

Binti alikitazama. "Nimekosea mimi," akasema. "Njia ya Mama haina kosa, naiona tangu nizaliwe. Ndiyo maana nikachagua madoa. Nilitaka na wengine waione."

"Basi itabidi nikupunguzie alama za umakini," mwamuzi akasema, akatoa kalamu.

Mdogo wangu aliniinamia sikioni. "Dada, lile doa lina ukingo. Halikubaki kwenye kufua, limedondoshwa juu. Nani angemfanyia mtoto hivi?"

Nikasimama. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikarudia kwa nguvu. "Usimpunguzie. Hiyo ni chai yangu. Nimeitia mimi, kwa kidole changu."

Mwamuzi alivua miwani. "Kwa nini, mama?"

"Nilidhani ni cha mdogo wangu."

Nilimsikia mdogo wangu akivuta pumzi. Sikumtazama. Nilikuwa namtazama binti, nikingoja alie, au anifokee, au akimbilie kwa mama yake mdogo kama kawaida yake. Hakufanya hata moja. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa mwisho, ulioandikwa juu Vyanzo vya Makosa, na chini yake hapakuwa na kitu. Akashika kalamu, macho yake yako kwenye karatasi.

"Niambie hatua kwa hatua, Mama."

Nikamwambia, mbele ya watu wote na koti nililolifua mwenyewe. Naye akaandika yote, mwandiko umenyooka.