Kitabu cha Samaki wa Mdomo wa Upande

Mimi sisahau waliotuonea. Nawakumbuka waliovua samaki wetu wakawatia kwenye chupa za dawa, wakaondoka nao. Nawakumbuka waliochota maji ya ziwa mwaka wa kipindupindu wakatuahidi majibu, na mpaka leo majibu hayajafika. Hayo yote nimeyasema kwenye mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inapotia nanga, kwa kipaza sauti, na sijutii hata neno moja. Ninalolijutia ni jingine.

Mwaka tisini na sita chumba cha kusomea cha mtaa wetu, Ujiji, kilikuwa na kitabu kizito cha viumbe wa Ziwa Tanganyika. Kilikuwa na picha za samaki mla magamba, ambaye wengine wa jamii yake mdomo umepinda kulia, wengine kushoto. Nyuma kulikuwa na sura nzima ya vijidudu vya majini. Kitabu kikapotea. Nikasimama sokoni nikatangaza kwamba watafiti wamekiiba, na watu wakaniamini, maana watafiti walishachukua mengi. Mtunza chumba, Anatoli, akafukuzwa kwa uzembe. Tangu hapo anaanika dagaa za watu pale Kibirizi.

Kitabu nilikichukua mimi.

Nilisema nikisome, nikirudishe. Wiki ikawa mwezi. Kisha Anatoli akafukuzwa, na kurudisha kukawa kujitangaza mwizi. Nikakifungia sandukuni.

Mwaka huu, siku za mbalamwezi, mitumbwi imelala kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, Honorata alinijia nyumbani. Ni mwalimu wa baiolojia kule Mwandiga.

"Shikamoo, Mzee Niko."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

"Sikai. Kuna watafiti wanaondoka kesho. Wanataka kutuachia kasha: hadubini mbili, vitabu vya mageuko ya viumbe, vya bakteria, na kompyuta yenye masomo yasiyohitaji intaneti. Kamati ya mwalo imekataa."

"Imefanya vizuri."

"Imekataa kwa sababu yako! Wanasema kwanza kile kitabu kirudi. Mzee, wanafunzi wangu wanachora bakteria kama wanachora maharage. Hawajaona hata mmoja. Mkutano ni mchana huu. Njoo uwaambie wapokee."

"Niwaambie nini?"

"Unayoyasemaga siku zote, ila leo uyageuze." Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilikwenda Kibirizi nikiwa na hila yangu. Wavuvi walikuwa wamejaa, hawana kazi. Nikasimama, nikasema kwa sauti ile wanayoipenda: "Ndugu zangu, sisi si watu wa kinyongo. Kitabu walichotuibia, leo tuwasamehe!"

Wakapiga makofi. Mungu wangu, walipiga makofi, na mimi nikayapokea.

"Yewe Niko!" Ilikuwa sauti ya Anatoli, kutoka kwenye vichanja vya dagaa. "Unawasamehe wewe kama nani? Kilipotea mkononi mwangu. Watoto wangu waliacha shule. Mwenye kusamehe ni mimi, na mimi sijasamehe. Wakirudishe."

Bonifasi, mwenyekiti wa mwalo, akanigeukia, akaniita kwa jina walilonibandika mwaloni. "Umesikia, Profesa? Anatoli akikataa, na sisi tumekataa. Kasha liondoke nao."

Honorata alikuwa amekaa mbele. Alishaanza kufunga daftari lake.

"Kitabu kiko kwangu," nikasema.

"Kiko wapi?"

"Kwangu. Ujiji. Nilikichukua mimi."

Nilidhani watapiga kelele. Badala yake mama mmoja mchuuzi akasema polepole, "Na kelele zote zile?" Hapo ndipo vicheko vilipoanza. Bonifasi akanipandisha bodaboda, naye akapanda nyuma yangu kama askari na mahabusu. Tukaenda, tukarudi nacho. Hakuna aliyekuwa ameondoka.

Anatoli akajifuta mikono kwenye kanga ya kuanikia, akakipokea. Mchwa walikuwa wamekula jalada.

"Umekimaliza?"

"Hapana. Niliishia katikati. Kiingereza kilinishinda."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Huyu wa mdomo wa upande, vijana wanasema uliwafundisha kwamba mafuta ya meli ndiyo yaliyompinda."

Nilikuwa nimewafundisha hivyo, tena kwa hasira, mwaka baada ya mwaka.

"Mimi nilikisoma mara mbili," akasema Anatoli, si kwangu, kwa watu. "Huyu anakula magamba ya samaki wengine, anawavizia kwa nyuma. Wa kulia wakizidi, wanaoliwa wanajihadhari upande unaoshambuliwa na hao. Wa kushoto wanashiba, wanazaa, wanaongezeka. Kisha zamu inageuka. Ndiyo maana pande zote mbili zipo mpaka leo. Mafuta ya meli!" Akatema mate mchangani. "Kasha lipokeeni. Nitalitunza mimi."

Likaletwa kabla jua halijazama. Honorata akatoa hadubini, akadondosha tone la maji ya ziwa kwenye kioo, akawaonyesha namna ya kufumba jicho moja. Watu wakapanga foleni mpaka kwenye mitumbwi. Kila aliyeinama aliinuka akipiga yowe: vinatembea! Kumbe vina mikia! Mchuuzi yule aliuliza kama ndivyo alivyokuwa akiwanywesha wajukuu wake.

Nilisimama wa mwisho. Zamu yangu ilipofika, Anatoli akafunika hadubini kwa kiganja.

"Wewe kesho," akasema. "Leo ni ya hawa."

Nilimtazama Honorata. Alikuwa akifuta vioo kwa kitambaa, kimoja kimoja, na hakuinua kichwa. Nikaondoka kwa miguu kwenda Ujiji.