Mshika Mwanzo

Wanafunzi wangu wananiita Mama Kona, na wanadhani sijui. Jina nimelipata kwa kupiga kelele: "Kona kwanza, ukuta baadaye!" Kona ikikosewa chini, kosa linapanda na matofali mpaka kwenye bati, na mwenye nyumba ataishi akijiuliza kwa nini kabati lake halikai sawa.

Ijumaa niliwatoa mwaka wa kwanza hadi uwanja wa nyuma ya karakana, wajifunze kupima msingi. Tulikuwa na vigingi, nyundo, uzi na futi yangu ya kupimia, ndefu na kongwe, ambayo kipande chake cha mwanzo kilishachakaa. Kwa hiyo hatuanzii kwenye sifuri. Mshika mwanzo anaweka alama ya mita moja kwenye kigingi na kupaza sauti, "Toa moja!" Msomaji wa upande wa pili anapunguza mita moja. Kusema ni kazi ya mshika mwanzo, maana msomaji ana mengi kichwani.

Walitengeneza kona kwa pembetatu ya mita tatu, nne na tano, wakavuta uzi, kisha wakapima mishazari, kona hadi kona. Mishazari ikilingana, nyumba imekaa mraba. Yao ilipishana kwa kiganja, wakaanza kutupiana lawama kama ndugu kwenye urithi. Niliwaacha. Kugombana nako ni somo.

Msichana mmoja mpole akauliza, "Mwalimu, na mtu akiwa peke yake anapimaje?"

"Akiwa peke yake asijenge!"

Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kesho yake nilikuwa naenda kupima nyumba yangu peke yangu.

Kiwanja nilinunua na mdogo wangu, fundi cherehani. Tumeishi chumba kimoja cha kupanga tangu tukiwa wasichana, na nyumba tuliichora pamoja: sebule katikati, chumba changu huku, chake kule, chenye dirisha kubwa la kuangaza cherehani. Kila tukienda kufyeka nyasi tulikuwa tunaipima kwa kujifurahisha tu, yeye akishika mwanzo. Kisha, mvi zikiwa tele kichwani, akaolewa. Mgane mmoja alileta suruali ipunguzwe kiuno, akairudisha, akairudisha tena, na hapo hata mimi nikajua kinachomsumbua si kiuno. Harusini nilicheza mpaka viatu vikanibana. Niliporudi chumbani nikaona kitanda chake hakina godoro, nililia kama mtoto.

Tangu siku hiyo sijamuuliza kama chumba chake bado anakitaka. Naogopa jibu. Lakini Jumatatu wachimbaji wanakuja, na msingi ukishachimbwa hakuna tena cha kuuliza.

Jumamosi, basi, nikapigilia msumari kwenye kigingi, nikaibana futi hapo kwa kibanio cha nguo, kwenye alama ya mita moja. Nikapima vyumba vyote viwili. Nikapima na mishazari. Ilipishana karibu mita nzima! Nikairudia kona ya kwanza, nikaikuta nzuri. Nikakipiga kigingi nyundo, nikajipiga kidole, nikaitukana futi. Mganga hajigangi. Jua lilipofika utosini nikampigia simu.

"Dada! Mbona unahema?"

"Niko kiwanjani. Mishazari imenikataa."

"Nani kakushikia mwanzo?"

"Msumari."

"Na huo msumari unasema toa moja?"

Nikakaa juu ya rundo la matofali. Ukuta wa nyuma, ule unaoishia chumbani kwake, nilikuwa nimeusoma bila kupunguza. Mimi, Mama Kona! Tukacheka mpaka nikashika mbavu.

"Niweke hapo chini kwenye msumari," akasema, "na uongeze sauti."

Nikailaza simu pale. Kila nilipofika upande wa pili nilimwita, naye akajibu, "Toa moja, dada!" kwa sauti yake ileile. Nilimsikia shemeji akiuliza sukari iko wapi, akaambiwa asubiri, watu wako kazini. Mishazari ikalingana. Siku nyingi sikuwa nimefurahi hivyo, na furaha hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri.

"Mdogo wangu, hiki chumba chako. Kichimbwe?"

Nikasikia mlango wa kwake ukifungwa.

"Dada, kwangu ni huku sasa. Nitakuja, nitalala hata sebuleni. Ila usijenge chumba cha kunisubiri. Nakujua, utakuwa unakifagia kila siku."

"Nimekusikia."

"Umekasirika?"

"Nimeumia. Sijakasirika."

Naye alikuwa analia, nilimsikia. Tukaagana.

Kisha nikang'oa vigingi viwili vya upande wake, nikakunja uzi uliobaki. Nyumba ya sebule na chumba kimoja inataka vipimo vipya. Nikaibana futi kwenye msumari, nikatembea hadi upande wa pili, nikapiga magoti. Kiwanjani hapakuwa na mtu, ila mimi na matofali.

"Toa moja!" nikapaza sauti.

Nikapunguza, nikapigilia kigingi.