Ndege wa Pili

Mlango ulipogongwa, Dereva alidhani bintiye amesahau funguo.

"Ingia tu! Humu hakuna wa kukukimbia."

Akaingia mwanamke asiyemjua, anahema kama mtu aliyefukuzwa. Alikuwa akimtafuta fundi cherehani.

"Pole, mwanangu. Alihama mwezi uliopita."

"Na nimepanda ngazi sitini na nane!"

Ngazi hizohizo ndizo zilizomfunga Dereva. Baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha basi bila hata mchubuko, alikuja kuteleza bafuni. Sasa mguu umejaa vyuma, yuko kwa bintiye ghorofa ya nne, na lifti ilikufa kabla yeye hajahamia. Hii ilikuwa wiki ya tisa. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jirani, na kila ufa wa ukuta ule alishaujua kwa moyo.

Bintiye ndiye aliyemletea kitambaa cha matundu, sindano na nyuzi, ili aache kugombana na redio. Mwanzoni alinuna. Siku ya tatu akagundua kwamba akihesabu matundu, uzi ukipanda hapa na kushuka pale, msalaba juu ya msalaba, kifua kinalegea na kuta zinaacha kumsogelea. Mkwewe alimcheka: "Baba, tukutafutie na gauni?" Naye akamjibu, "Lete kwanza shati lako nilidarizi jina, usije ukapotea."

Mgeni alikiona kitambaa mapajani mwake. Uso ukamchangamka.

"Kumbe fundi nimempata!"

Akatoa chake mfukoni. Ndege wawili kwenye tawi, kila mmoja si mkubwa kuliko kiberiti. Mmoja alikamilika, wa pili alichorwa kwa penseli tu. Mama yake alikuwa akimdarizia mjukuu, macho yakamwishia njiani.

"Nasafiri kwa mama Jumamosi, saa saba mchana. Natamani akishike kikiwa kizima. Siku hizi anaona kwa vidole."

Ni muda mrefu sasa hakuna aliyemwomba Dereva kitu chochote zaidi ya kumeza dawa.

"Jumamosi utakikuta tayari," akasema.

Jumamosi hiyohiyo alikuwa na safari yake. Mara moja kwa mwezi, mkwewe na makondakta watatu hupata mapumziko pamoja, wakambeba na kiti chake mpaka kituo cha mabasi, akashinda huko na wenzake. Hakuona shida, kwa kuwa ndege alimmaliza Alhamisi, na bintiye angemkabidhi mgeni kitambaa.

Jumamosi asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kazi, akakaa kusubiri. Katika kusubiri, akafumba macho na kukipapasa kile kitambaa. Ndege wa mama alikuwa laini kama nywele zilizochanwa. Wake alimkwaruza kidole. Akafumbua macho, akainama. Misalaba yote ya mama, uzi wa juu umelalia kulia. Yake yote imelalia kushoto. Alijifunza peke yake, na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Dereva! Basi limefika, abiria apande!" Makondakta na mkwewe walikuwa mlangoni.

"Nendeni."

"Twende wapi bila wewe?"

Akawaeleza. Mkwewe akakitazama kitambaa, akakigeuza. "Baba, hakuna atakayeona."

"Ndiyo, haoni. Anashika."

"Ni mwezi mzima mpaka tupate nafasi nyingine."

"Kuhesabu najua."

Wakashuka. Mmoja akacheka huko chini, na kicheko kikatoka nje ya jengo. Dereva akashika mkasi. Kufumua kulikuwa kuchungu kuliko alivyodhani. Akaanza kushona upya, lakini safari hii kuhesabu hakukumtuliza. Kuta zilimjia mpaka magotini. Akafungua vifungo viwili vya shati, akaendelea. Bawa. Kifua. Mdomo. Kila uzi wa juu, kulia.

Saa saba kasoro dakika kumi, mgeni akaingia. Alikipokea kitambaa, akafumba macho, akapitisha kidole kutoka kwa ndege wa kwanza hadi wa pili bila kukwama. Aliushika mkono wa Dereva kwa mikono yake miwili, kisha akakimbilia safari yake.

Dereva akasikiliza viatu vyake vikishuka, akihesabu. Kwenye sitini na nane, mlango wa chini ukafunguka, kisha ukajifunga.