Risasi Isiyotoboa

Mama Kiduchu alikuwa uani anafua ovaroli la mume wake ndoo ilipopasuka. Si ndoo ya kufulia. Ni ile aliyoipindua ili mtoto aikalie asichezee matope. Ilikuwa ndoo nene ya rangi, ya zile ambazo fundi husimama juu yake akipaka dari, na aliyeikalia alikuwa mtoto mwenye mikono kama njiti za kiberiti. Ndoo ikalia kwa! ikagawanyika vipande viwili, na mtoto akabaki amekaa chini katikati yake, ananyonya kidole.

"Inuka, mama," mama yake akamwambia.

Hakuinuka. Mama akainama amnyanyue, akashindwa. Akajifuta povu, akapiga magoti kama mtu anayejitwisha gunia, na safari hii mtoto akatoka. Pale alipokuwa amekaa pakabaki shimo.

"Umekuwa mzito wewe."

"Ndiyo," mtoto akasema.

Mama akamalizia kufua, kwa kuwa ovaroli lilitakiwa kesho yake asubuhi.

Mtoto aliitwa Kiduchu tangu alipozaliwa, maana alienea kwenye taulo la kunawia uso. Nyumba yao ilikuwa ya pili kutoka ukuta wa kiwanda. Kiwanda kilinunua betri mbovu za magari, kikazivunja, kikamwaga maji yake makali mtaroni, na vyuma vya ndani kikaviyeyusha kwenye tanuri. Bomba la moshi lilikuwa refu, lakini si refu kiasi cha kupelekea watu wengine moshi huo. Kila jioni vumbi la kijivu lilishuka juu ya kamba za nguo, juu ya sufuria zilizoanikwa, juu ya vichwa vya watoto. Hakuna aliyelisema vibaya. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake anayelipwa pale.

Mtaro ulipita ubavuni mwa kisima, na maji ya kisima yalikuwa na utamu kidogo. Mama Kiduchu hakuwa mzembe. Aliyachemsha mpaka yakapungua nusu, akijua kwamba moto huua kila kitu. Moto huua vijidudu, ni kweli. Lakini kilichokuwamo humo hakikuwa na roho ya kutolewa. Maji yalipungua, chenyewe kikabaki chote, kimejikusanya sufuriani kinamsubiri mtoto. Wewe mama unayesoma hapa, shika hilo.

Baba Kiduchu alifanya kazi kwenye tanuri. Alirudi na ovaroli lake mwilini, na mtoto alimpokea mlangoni akamkumbatia miguu, uso wote ndani ya kitambaa. Kisha ovaroli likafuliwa beseni moja na magauni ya mtoto, kuokoa sabuni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wakadhani wanasema chawa.

Kitanda kilivunjika wiki ile ile. Fundi seremala akaja, akatazama mbao, akamtazama mtoto.

"Shemeji, huyu mnamlisha misumari?"

"Hata uji hamalizi. Anashika tumbo tu."

"Basi nitaweka mbao za kujengea ngazi. Kwa jirani yako pale niliweka hizo hizo, na wale mapacha wake wameshazipinda."

Akapigilia, akajaribu kwa kukirukia kitanda yeye mwenyewe na uzee wake, akaondoka.

Baadaye mwalimu wa chekechea akamwita mama. Kiduchu alikuwa haombi tena penseli. Alikuwa akipitisha kidole juu ya karatasi, na kidole kinaacha mstari wa kijivu, safi, usiofutika upesi. Mwalimu hakulalamikia kidole. Karibu darasa zima liliandika hivyo, na wazazi walishaacha kununua penseli. Kilichomsumbua ni maandishi. Muhula uliopita Kiduchu aliandika herufi zake vizuri, na jina lake pia. Sasa aliandika mistari tu. Akiulizwa ni nini, alifikiri kitambo, kisha akasema, "Ile."

Nyumbani nako kukawa hivyo. Kijiko kilikuwa ile. Mlango ulikuwa ile. Mama yake bado alikuwa mama, lakini neno lenyewe lilichelewa kuja.

Hapo ndipo mama alipoogopa. Uzito aliuvumilia. Neno kuchelewa hakulivumilia. Akaazima mkokoteni kwa muuza mkaa, akampakia mtoto, akausukuma mpaka hospitali, na mahali penye mwinuko wanaume wawili wakamsaidia.

Daktari alivuta damu. Damu ikazama chini ya kichupa, na kichupa kikavuta mkono wa daktari kuelekea mezani. Daktari akakiweka polepole.

"Mama, mtoto ana risasi."

Mama akamvua mtoto gauni, akamgeuza huku na huku, akapekua mpaka kwapani.

"Imeingilia wapi, daktari? Sioni tundu."

"Haitoboi hii. Ni madini, ile risasi ya kwenye betri. Imeingia kwa pumzi, na kwa maji, na kwa hivyo vidole anavyonyonya. Inakaa kwenye mifupa, halafu inapanda kichwani."

"Dawa hakuna?"

"Ya kuipunguza ipo. Lakini nikimpa dawa ukamrudisha pale pale, ni kupiga deki huku bati linavuja. Mtoe kule. Akili iliyokwisha kuliwa sikuahidi kitu. Iliyobaki, iwahi."

"Bibi yake anakaa mlimani."

"Mpeleke kwa bibi yake. Wiki hii hii."

Mama akashika neno hilo moja, mlimani, akalirudia moyoni njia nzima. Lakini muuguzi alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulisema kwamba yeyote atakayekutwa na risasi mwilini, polisi waitwe. Akawaita. Askari akawakuta njiani, mkokoteni ukiwa umekwama kwenye lami, maana magurudumu yalikuwa yameingia.

"Nani kampiga risasi mtoto huyu?"

"Kiwanda, afande."

"Mna ugomvi nacho?"

"Hatuna. Baba yake anafanya kazi pale."

"Kumbe ni ya ndani ya familia."

"Daktari anasema ni risasi ya betri."

"Risasi ni risasi, mama. Sheria haina risasi ya betri na risasi ya harusi."

Alikuwa askari mwenye bidii, hilo hawezi mtu kumnyima. Aliwafuata mpaka nyumbani, akatafuta bunduki uvunguni, akaitafuta darini, akaitafuta kwenye pipa la unga. Kisha akatoka uani, akainua macho, akaliona bomba la moshi.

"Mtutu ule," akasema, "umeelekezwa nyumba zote."

Akaingia kiwandani. Alipotoka alikuwa amekunywa soda, na uso wake umepoa.

"Nimekagua. Mtutu una kibali, kimepigwa mhuri. Asiye na kibali ni mtoto wako. Anamiliki risasi kinyume cha sheria, tena nyingi."

Wakaitwa wote ofisini kwa meneja. Meneja alikuwa mtu mpole, anakunywa maji ya chupa yaliyokuja kwa gari kutoka mbali, na madirisha yake yalikuwa hayafunguki. Baba Kiduchu alisimama karibu na mlango, kofia ya kazi mkononi.

"Hatutaki kesi," meneja akasema. "Sisi ni watu na majirani zao. Ila tuambiane ukweli: risasi hiyo ni ya nani? Imetoka kwenye tanuri letu. Ni mali ya kiwanda." Akamgeukia baba. "Na wewe ndiye unayeipitisha getini kila siku kwenye ovaroli. Ungeitia mfukoni tungekuita mwizi. Tunakuita mzembe tu."

"Samahani, bosi," baba akasema.

"Kama ni yenu, itoeni," mama akasema. "Chukueni chenu, mniachie changu."

"Kuitoa ni gharama, mama. Hapo ilipo imetulia. Aendelee kututunzia."

"Nataka kumpeleka kwa bibi yake."

"Mtoto aende, hata leo. Nani atamzuia mtoto asiende kwa bibi yake? Lakini risasi haivuki kizuizi cha barabarani bila pasi ya geti, kibali cha kutoa mali."

Askari akatikisa kichwa kukubali. Aliona ni haki.

Walipofika nyumbani, mama akamgeukia mume wake.

"Umemwambia samahani."

"Ningemwambia nini? Tukihama hapa tutakula nini?"

"Tutakula mawe. Sasa hivi analiwa yeye."

Baba akavua ovaroli, kwa mara ya kwanza akalivulia nje, akaliacha limesimama lenyewe kwenye kona ya ua kama mtu anayesubiri kuitwa. Asubuhi akalivaa, akaenda kazini.

Mama akampakia mtoto, akafunga nguo zake, akasukuma mkokoteni mpaka kwenye kizuizi. Barabara ya kutokea mtaani ilikuwa hiyo moja, nayo ilipita kwenye geti na mizani ya malori. Mlinzi alikuwa mtoto wa shangazi yake.

"Dada, unanitia majaribuni," mlinzi akasema. "Kwa nini usipite peke yako?"

"Nipite peke yangu niende wapi?"

"Basi omba pasi."

Akaomba. Jibu likaja kwa adabu. Pasi hutolewa kwa mzigo ambao uzito wake umetulia, na wa mtoto ulikuwa bado haujatulia. Aletwe mizanini kila mwisho wa mwezi. Siku uzito utakapoacha kupanda, ataruhusiwa kwenda mlimani bila pingamizi lolote.

Mama akauliza utaachaje kupanda na mtoto yuko hapa hapa. Mlinzi akasema swali hilo ni zuri, lakini halimhusu mtu wa geti.

Mwisho wa mwezi akampeleka. Alidhani yuko peke yake, akakuta foleni. Mama wa wale mapacha alikuwa na mikokoteni miwili na mashemeji wa kuisukuma. Mwingine alikuwa amekodi punda. Watoto walikaa kimya juu ya mizigo yao, ambayo ni wao wenyewe, na bomba likatoa moshi wake juu yao kama siku nyingine zote. Wanawake waliulizana habari za nyumbani.

Zamu ya Kiduchu ikafika. Akapandishwa kwenye bamba la chuma, bamba likazama kidogo, mshale ukazunguka. Mlinzi akainama kuusoma, kisha akatabasamu, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa ndugu yake na alitaka kumwambia jambo jema.

"Ameongezeka," akasema. "Hongera, dada."

"Asante," mama akasema, maana mtu akikupa hongera hujibu hivyo. Akamteremsha mtoto, akauvuta mkokoteni pembeni, kumpisha mwenzake.