Mtani wa Babu Mkongojo

...siyo sauti hiyo, hiyo ya mbuzi, nimeshuka chini mno, Gaspar haanziagi kooni, anaanzia puani kisha analivuta neno taratibu, na dada Felicitas nyuma ya kioo cha studio ananiambia, "Brightson, mdogo wangu, nipe Babu Mkongojo wa siku zote, msikilizaji asijue," ...asijue kwamba Gaspar, mwenye sauti hiyo, wiki ya tano hii yuko kitandani kwake Mtoni, kiharusi kimemchukua mkono na ulimi, na nisipoweza mie, Babu Mkongojo atauawa kwenye mchezo wetu wa Ijumaa, miaka kumi na minne ya redio, kwisha... na mie naweza sauti zote, sungura wa katuni za watoto, fisi, bibi wa tangazo la sabuni, mapacha wanaogombana ndani ya koo langu hili moja, leo mzee mmoja ananishinda, la, hanishindi, naogopa tu, maana Gaspar Mngoni mie Mhehe, watani, na mtani huiga sauti ya mtu akishakufa, siku ya mazishi, anavaa koti la marehemu, anakohoa kama yeye, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, ndivyo nilivyomwiga baba yake kule Songea, Gaspar akanikaba shingo, "Mla mbwa wewe, na mie uje uniige vizuri hivi hivi," ...vizuri hivi hivi, basi leo nikiiga vizuri nitakuwa nimemzika, naye anasikiliza, mkewe, shemeji Genoveva, humwekea redio karibu na mto, "Anasikia kila kitu, shem, hanijibu tu, kama zamani"... "Brightson, tayari?" ...Jumapili nilimwinamia nikamwambia, Mngoni, umelala kama panya wa kuchoma mnaowala kwenu, amka kabla sijaenda kununua chumvi, mdomo ukasogea upande mmoja, koo likahangaika kutafuta neno, hasira ile, sijaona kitu kizuri hivyo mwaka huu... kumbe hata mgonjwa anamhitaji mtani wake... taa nyekundu bado haijawaka... basi nitamwiga kwa kumkera, dada Felicitas atasikia mzee wa siku zote, Gaspar peke yake atasikia makosa, anapovuta neno nitalivuta zaidi, kikohozi chake nitakitia mahali ambapo yeye hawezi kukohoa hata kwa dawa, nitamharibia mzee wake mpaka ashindwe kuvumilia, autafute ulimi popote ulipojificha, anitukane.