Tumbo la Chura wa Jiwe

Neshu alimficha chura wa baba yake, chombo cha mafuta cha jiwe, ndani ya kapu la shayiri. Kaburini alimpeleka chura mwingine, aliyemchonga yeye mwenyewe kwa siri tangu baba alipoanza kukohoa.

Kwa nje walikuwa pacha: jiwe jekundu lenye madoa meupe, macho ya shanga, mdomo mwembamba wa chombo mgongoni. Lakini wa baba ndiye aliyemlea Neshu na dada yake. Mama alichota humo mafuta ya kuwapaka, na hakuwahi kumwacha akauka. Hata ukubwani, kila alipomnusa Neshu alirudi utotoni, akamwona baba ameegemea keekee ya kutobolea mawe, mchanga na maji vikikwaruza jiwe, naye akiimba vibaya bila haya. Baba alipanuaje tumbo lile kupitia tundu dogo vile? Neshu hakujua; chura wake alikuwa na tundu tu, ndani jiwe tupu, na mtu wa kumuuliza ndiye huyu amelazwa shimoni, amekunjwa kama mtoto. Fundi huzikwa na kazi yake bora. Chura akienda, ufundi wa nyumba yao utakwenda naye.

Dada yake, Meheti, alimpokea chura, akampima mkononi.

"Huyu amekula nini?"

"Ni yuleyule, dada."

"Yuleyule nimembeba tangu sijaota meno ya pili. Huyu ni gogo lenye macho."

Mchimbaji mmoja wa kaburi akacheka. Neshu alihisi masikio yakiwaka. Angeweza kubisha, lakini alimtazama baba, na kiburi chake chenyewe kikamsuta: mzee yule aende magharibi, kwa wafu, ameshika gogo?

Alikwenda nyumbani, akarudi na chura wa kweli.

"Mkombe mafuta ya zamani," Meheti alisema, sasa kwa upole. "Marehemu hupewa mapya."

Neshu akaingiza kidole. Chini ya mdomo kikakuta ukingo mwembamba kama ngazi, kisha ukuta ukakimbilia pembeni. Akaelewa. Hapo baba alibadilisha gumegume la keekee: aliingia na dogo, halafu akapenyeza refu kwa ubavu, akaligeuza likalala. Kidole kilizunguka polepole, mara ya pili, mara ya tatu.

"Tutazeeka hapa," mchimbaji alinong'ona.

"Mwache," Meheti akasema. "Anaongea na baba."

Neshu alipokitoa kidole, kilikuwa kinanukia mama. Meheti akamimina mafuta mapya, na Neshu akashuka shimoni, akamweka chura mbele ya uso wa baba.